Kabla Hujaacha Kazi Uliyonayo

Nilipohama kwa viza ya kazi nilianza na kosa kubwa: niliacha kazi kabla viza haijatoka, nikakaa miezi mitatu bila mshahara. Barua ya kuacha kazi iandike ukishaiona viza kwa macho yako.

Hakikisha mwajiri ana ruhusa ya kuajiri wageni. Serikali ya Uingereza, kwa mfano, huchapisha orodha ya waajiri wenye leseni hiyo. Na anayekudai pesa ili akupe kazi, achana naye mara moja.

Kinachokula muda ni vyeti. Linganisha jina lako herufi kwa herufi kwenye pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya masomo. Changu kimoja kilipungukiwa herufi moja tu, na kukirekebisha kulichukua wiki sita! Nchi zilizomo katika Mkataba wa Hague wa 1961 hukubali vyeti vya nchi wanachama wenzao vilivyogongwa apostili, yaani muhuri rasmi unaothibitisha kuwa sahihi na muhuri wa cheti ni halisi. Nyingine hutaka vipitie ubalozini.

Weka akiba, maana mwenye nyumba hudai amana kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Mkataba wa kazi nao usome wote, hasa kipengele cha kuvunja ajira, kwa sababu mara nyingi viza hufungwa kwa mwajiri huyohuyo.