Gawio la hisa: shika kalenda kabla ya kununua

Mimi ni fundi cherehani hapa Arua. Hisa zangu nazinunua kwa simu kupitia dalali aliyeko Kampala, na wateja wakiona ujumbe wa gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa wake, umeingia huniuliza: nikinunua leo, nami nitalipwa?

Kampuni ikitangaza gawio, shika tarehe mbili: ya kufunga daftari la wanahisa, na ya kulipa. Inayoamua ni ile ya kwanza. Jina lako likiwemo siku hiyo, gawio ni lako hata ukiuza hisa kesho yake. Lisipokuwemo, anachukua aliyekuuzia.

Sasa, kununua hakukuingizi daftarini papo hapo. Kwenye Soko la Hisa la Uganda, hisa huingia kwenye akaunti yako ya SCD, yaani hifadhi kuu ya hisa kwa kompyuta, siku ya tatu ya kazi baada ya kununua. Kwa hiyo weka kidole kwenye tarehe ya kufunga, urudi nyuma siku tatu. Daftari likifungwa Ijumaa, mwisho wako ni Jumanne. Ila sikukuu hazihesabiwi! Mwaka mmoja nilinunua Jumanne nikiwa na uhakika kabisa, kumbe Jumatano ni tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi. Hisa zikaingia Jumatatu iliyofuata, daftari limeshafungwa. Iliniuma, kwa sababu ilikuwa pesa ya mashono ya Idi nzima. Tarehe 9 Juni nayo, Siku ya Mashujaa, iwekee alama.

Wala usinunue kwa ajili ya gawio moja tu. Siku hiyo ya mwisho ikipita, bei mara nyingi hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, maana mnunuzi mpya hapati kitu. Nunua kampuni unayotaka kukaa nayo.

Hesabu ya mkononi ni hii. Una hisa 4,000, gawio ni shilingi 6 kwa hisa: 24,000. Kwa mtu binafsi mkazi wa Uganda, kampuni iliyo sokoni hukata kodi ya asilimia 10 kabla ya kulipa. Unapokea 21,600.

Malipo huja wiki kadhaa baada ya daftari kufungwa. Gawio la mwisho wa mwaka hungoja wanahisa walipitishe kwenye mkutano mkuu. La katikati ya mwaka wakurugenzi hulitoa wenyewe.

Na tafadhali, ukibadilisha benki au namba ya simu, mwambie dalali wako wiki hiyohiyo arekebishe akaunti ya SCD. Jirani yangu alifunga akaunti yake ya benki, magawio mawili yakagonga mwamba na kurudi. Pesa haikupotea, ilikuwa imekaa kwa msajili wa hisa, yule anayeitunzia kampuni daftari la wanahisa, ikimngoja. Alipeleka nakala ya kitambulisho cha taifa na barua ya benki mpya, akalipwa yote. Tarehe ya kulipa ikipita bila ujumbe, anza na msajili huyo.