Ufuta kwenye chakula cha kila siku: namna ya kuuosha, kuukaanga na kuula ukakufaa

Jirani yangu hapa Kisauni aliambiwa kliniki apunguze mafuta mazito na ale mbegu zaidi. Mwanawe akamwonyesha kwenye simu chia na mbegu za kitani. Alipoona bei zake supamaketi, akarudi mikono mitupu. Nikamwambia, shoga, ufuta umejaa kwenye masoko ya Kongowea na Marikiti, wapimiwa kilo kwa pesa za kawaida. Akaununua, akautia kwenye uji vilevile ulivyotoka gunini. Uji ukamlia mchanga mdomoni, akataka kuumwaga wote. Haya ni yale niliyomwelekeza, na ndivyo ninavyofanya mwenyewe kwa ufuta ninaowauzia wateja.

Kwanza ujue unakula nini. Karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta, na mengi yake ni ya aina isiyoganda, ile inayosaidia kushusha lehemu (kolesteroli) mbaya ikiwa utaila badala ya samli na mafuta ya kuganda. Nasema badala, si juu yake. Gramu 100 zina protini kama gramu 17, nyuzinyuzi kama gramu 12, madini ya chuma miligramu 14 hivi na magnesiamu miligramu 350 hivi. Kijiko kikubwa ni gramu 9 tu, kwa hivyo hesabu zako zigawe kwa kumi na moja kabla ya kuanza kushangilia. Omega-3 karibu haimo kabisa. Hiyo itafute kwa vibua na dagaa.

Hatua ya 1: Kununua

Chukua wa rangi ya udongo, wenye ganda lake. Mweupe uliokobolewa ni mzuri kwa kupamba mikate, lakini nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye mashine. Tia mkono ndani ya gunia, usiishie juu. Tafuna kidogo: ukionja uchungu au ukisikia harufu ya mafuta ya kale, enda meza ya pili.

Hatua ya 2: Kupepeta

Kwa uteo, kama mchele. Makapi na vumbi viondoke.

Hatua ya 3: Kutoa mchanga

Hapa ndipo watu wanapouchukia ufuta. Chekeche haisaidii, kwa sababu chembe ya mchanga na punje ya ufuta zina ukubwa mmoja. Zote zinapita au zote zinabaki. Kuchagua kwa mkono ni kujitia upofu. Kinachotenganisha ni uzito: mchanga huzama upesi, ufuta huzama polepole.

Tafuta mabeseni mawili na chujio la chai lenye matundu madogo, au kitambaa chepesi cha kuchujia tui. Tia ufuta kidogo, vikombe viwili hivi, kwenye beseni la kwanza. Ukijaza kilo nzima punje zitashikana na mchanga utabebwa katikati yake. Mimina maji mengi. Mwanzoni ufuta utaelea juu kwa ukaidi kwa vile ni mkavu na una mafuta; usidhani umekwisha kuwa safi. Ufikiche kwa viganja ndani ya maji mpaka ulowe na uanze kushuka.

Sasa yazungushe maji kwa mkono, na yangali yanazunguka, mimina juu ya chujio kwa haraka ya wastani. Punje zinazoogelea zitatoka na maji. Simama kabla hujafika chini. Ongeza maji, zungusha tena, mimina tena. Mwisho utabakiwa na ufuta kidogo umelala juu ya mchanga mweusi. Huo mwage. Najua roho inauma, lakini ukiurudisha huo mkupuo wa mwisho umeirudisha kazi yote mwanzo.

Rudia shughuli nzima kwa beseni la pili. Kisha bana punje chache baina ya meno ya mbele, utafune polepole. Ukisikia hata chembe moja, bado.

Tahadhari zake sasa. Usiuroweke usiku kucha kabla ya kuosha: punje zikinywa maji huwa nzito, zikazama pamoja na mchanga, na hapo ujanja wote umeharibika. Usiuoshee chini ya mfereji wazi, nusu itaenda na maji. Na sinki iwekee kichujio, maana ufuta ukilowa huganda kwenye bomba, na fundi hatakuja kwa salamu.

Hatua ya 4: Kukausha na kukaanga

Utandaze kwenye kitambaa. Wakati wa kaskazi jua linamaliza kazi mapema, ila uanike palipo na kinga, upepo usiubebe. Wakati wa masika usisubiri jua. Ingiza kikaangoni ungali na unyevu, moto mdogo, bila mafuta, ugeuze kwa mwiko bila kupumzika mpaka ukauke na uanze kurukaruka. Ukisugua punje kwa vidole ikavunjika, epua papo hapo umwage kwenye sinia. Ukiuacha kikaangoni utaendelea kuungua wenyewe, na ufuta ulioungua ni mchungu, hata sukari haiuokoi.

Hatua ya 5: Kutwanga

Punje nzima nyingi hupita tumboni kama zilivyoingia, kwa hivyo twanga. Mimi ni mtu wa kinu kidogo. Blenda huufanya uji wa mafuta chini na punje nzima juu, halafu unashinda ukikwangua visu. Twanga wa siku chache tu. Joto na unyevu wa Mombasa huyaharibu mafuta yake upesi. Uliobaki weka kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ndani ya friji.

Hatua ya 6: Kula

Anza na kijiko kikubwa kimoja kwa siku, tumbo lizoee, kisha viwili. Viwili vina kalori kama 100, basi usile kama njugu. Kwenye uji wa wimbi, juu ya mchicha, juu ya viazi vitamu vya kuchemsha. Kwenye mbaazi za nazi, punguza tui kabla hujaongeza ufuta. Kashata za ufuta ni tamu, nami nazila, lakini hiyo ni sukari iliyotiwa ufuta.

Chuma chake ni cha mimea, hakiingii mwilini kwa urahisi. Kamulia ndimu, au kula na chungwa au embe, na chai isogeze mbali na mlo huo kwa saa moja hivi, kwani chai hukizuia. Kalsiamu nayo inaonekana nyingi kwenye majedwali, lakini sehemu kubwa imefungwa kwenye ganda. Usiache maziwa na dagaa kwa ajili yake. Na kama unatumia dawa za presha, nazo usiziache kwa ajili ya ufuta.

Wapo wanaodhurika na ufuta. Marekani tangu 2023 ni lazima utajwe kwenye lebo za vyakula kama njugu na maziwa. Mtoto anayeonja mara ya kwanza mpe kidogo sana, mchana, ukiwa naye karibu. Akivimba midomo, akitoka vipele au akianza kukoroma pumzi, mkimbize hospitali.