Jina Lako Halimo Kikosini? Njoo Klabuni Jumamosi Hii

Kikosi cha taifa cha kriketi kimetangazwa na wewe umeachwa. Mimi ni nahodha wa klabu ya ligi hapa Nairobi, mlinda wiketi, yaani kipa anayekaa nyuma ya vijiti, mwenye magoti ya mzee, na wachezaji wa namna yako nimewapokea wengi. Mtu anafika na begi lenye nembo ya Kenya, anakaa pembeni, anashinda kwenye simu. Basi sikiliza, mdogo wangu, maana kazi ya kufanya ipo.

Usiombe mapumziko. Mechi ya wikendi hiyo hiyo, cheza. Ukibaki nyumbani utasoma mitandaoni maneno ya watu ambao hawajui mguu wako wa mbele hutua wapi. Fika kabla ya wenzako na, kama mnachezea mkeka unaotandikwa mahali mpira unapodunda, shika nyundo usaidie kuuvuta na kuupigia misumari. Mkeka uliolegea unarusha mpira kifuani bila taarifa, na anayepiga wa kwanza huenda akawa wewe. Fulana ya taifa iache nyumbani.

Ndani ya wiki hiyo tafuta mteuzi mmoja, umuulize swali moja tu: mnataka nipate mikimbio (pointi za mpigaji) nikipiga wa ngapi kwenye safu, na dhidi ya urushaji wa aina gani? Habari ya "kwa nini fulani na si mimi" achana nayo, haijawahi kumrudisha mtu. Jibu liandike. Ukiambiwa tatizo ni umri, shukuru uende zako. Hilo halina mazoezi.

Mara nyingi jibu huwa ni kasi. Ligi yetu ina warushaji wajanja, lakini wa mwendo mkali ni wachache, ndiyo maana mtu anapata mikimbio mia moja hapa, kisha akisafiri anagusa mpira wa pili na kipa anaudaka. Dawa yake ni ya bei rahisi. Pichi, njia iliyo kati ya vijiti vya pande mbili, ina yadi 22. Mwombe kijana mwenye mkono mzuri asimame yadi 16 hivi kutoka kwako ili mpira ukufikie upesi, achukue mpira mgumu ambao bado una mng'aro, aurushe nje kidogo ya kijiti cha nje, kile kilicho mbali na miguu yako. Vaa helmeti. Ova mbili za kwanza, yaani mipira sita mara mbili, usipige chochote kisichokuja kwenye vijiti: uache upite, gongo ukiliweka juu na ndani, macho yakiufuata mpira hadi kwenye neti. Kuacha mpira ni ufundi, na ligini hakuna anayekupigia makofi kwa huo. Simu iegemeze nyuma ya mrushaji, mahali pa mwamuzi, ikurekodi. Jioni tazama kitu kimoja tu, kichwa chako: mpira unapofika, kiko juu ya goti la mbele au kimeangukia upande? Ukishaona kimetulia, ndipo uanze kupiga, na uanzie na mipira iliyonyooka.

Kama nafasi yako imezibwa kabisa, fikiria kubadilisha kazi yako uwanjani. Tarehe 24 Februari 2003, pale Nairobi Gymkhana, Collins Obuya aliwatoa Sri Lanka watano kwa mikimbio 24 akirusha mipira ya kuzunguka, na mwaka huo Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Akaenda Warwickshire, timu ya kaunti kule Uingereza, goti likamsumbua. Kombe la 2011 alicheza kama mpigaji, na dhidi ya Australia kule Bangalore akamaliza na 98 bila kutolewa. Timu ya taifa haitakupa msimu mzima wa kujifunza kazi mpya. Klabu itakupa, mradi umwambie nahodha kabla ligi haijaanza, si mkiwa tayari mnapigania ubingwa.

Utasikia mtu akisema ligi ni ya walioshindwa. Mwambie atazame Wasim Jaffer. Alicheza mechi 31 za Test, zile za kimataifa za siku tano, kwa India, ya mwisho 2008, kisha akaendelea na Ranji Trophy, mashindano ya ndani ya India, hadi 2020, akavuka mikimbio 12,000 humo. Akiwa na umri ambao wengi wamegeukia utangazaji alikuwa Vidarbha, timu ambayo haikuwa imewahi kulitwaa kombe hilo. Wakalitwaa msimu wa 2017/18, wakalirudia uliofuata, naye karibu atimize miaka 41. Mimi hao ndio ninaowaheshimu, kuliko nyota wa msimu mmoja.

Kwetu hapa hesabu ni ngumu zaidi. Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja za kimataifa mwaka 2014, kwa hiyo hata ukirudi kikosini, kriketi yako nyingi itabaki kuwa ya wikendi. Kazi yako ya mshahara usiiache. Klabu yetu inatoa nauli na chakula cha mchana, na sambusa za wakati wa chai ni za kugombania.

Ukiwa uwanjani, chagua kijana mmoja. Mkiwa wawili mnapiga, kati ya ova na ova mwambie jambo moja: "Huyu anarusha fupi kila mpira wa nne." Basi. Usimhubirie. Na chumba cha kubadilishia nguo kisiwe mahakama ya wateuzi. Ukitaka kuwasema, nipigie mimi usiku, nitakusikiliza mpaka bando liishe.

Ukiitwa tena, hongera. Ila nitumie tarehe za safari siku hiyo hiyo, kabla hujaweka picha mtandaoni. Kikosi chetu nakitangaza Alhamisi usiku, na nitahitaji mtu wa kupiga namba tatu. Pedi za miguu za klabu ziache kwa mtunza vifaa.