Jinsi ya kuomba nafasi ya kuandika hoja ya kupinga wilaya ya kodi ya bustani, jimbo la Washington

Ukikaa Kent au mji mwingine wa jimbo la Washington, huenda siku moja ukasikia baraza la mji linataka kuunda wilaya ya bustani (kwa Kiingereza, metropolitan park district). Usidhani ni wilaya yenye mkuu wa wilaya. Ni chombo cha umma kinachoundwa kwa kura, chenye mamlaka ya kutoza kodi ya majengo mwaka hadi mwaka kwa ajili ya bustani na viwanja vya michezo. Sheria inakiruhusu kufika senti 75 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba. Kwa nyumba ya dola 600,000, hiyo ni dola 450 kwa mwaka. Mpangaji naye hasalimiki, maana mwenye nyumba akiongezewa kodi huihamishia kwenye pango.

Bustani nazipenda, na watoto wetu ndiko wanakochezea mpira. Ninachopinga ni kodi ambayo hairudishwi tena kwa wananchi waipigie kura. Seattle walipiga kura tarehe 5 Agosti 2014 na pendekezo likapita kwa asilimia 52 hivi. Tozo ya bustani iliyokuwepo, ya mwaka 2008, ilikuwa na mwisho wake, na ikiisha wananchi huulizwa upya. Wilaya haina mwisho. Bodi ya wilaya ya Seattle ni madiwani walewale wa jiji, na uwezo wa kuivunja uko mikononi mwa bodi hiyohiyo. Hilo ndilo lililowachoma waliopinga, ambao walisema wazi kwamba bustani wanazitaka, ila si kwa mpango huo.

Basi wahi mapema. Wilaya huanzishwa kwa azimio la baraza, au kwa saini za asilimia 15 ya wapigakura waliojiandikisha. Fuatilia ajenda za baraza kila wiki. Kabla ya uamuzi wa mwisho, sheria inalitaka baraza lipokee maoni, kwa mdomo au kwa maandishi, na hapo huhitaji kuwa raia: mkimbizi au mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kusimama akasema. Dakika utakazopewa ni chache, kwa hiyo uliza jambo moja linalouma: kwa nini isiwe tozo ya miaka sita, kisha mturudie? Unaweza pia kuomba kwa maandishi nyaraka za mradi, hesabu na makadirio. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku tano za kazi, hata kama jibu lenyewe ni kukwambia nyaraka zitakuwa tayari lini.

Azimio likishapita, kuna nafasi ambayo watu wetu wengi hawaijui. Kaunti hutoa kijitabu cha wapigakura, na ndani yake kila upande una hoja yake. Hoja ya kupinga huandikwa na kamati ya watu wasiozidi watatu, inayoteuliwa na baraza lenyewe lililopeleka pendekezo. Lisipoteua, ofisi ya uchaguzi ya kaunti hutafuta watu. Mpigie karani wa mji wiki hiyohiyo umuulize mwisho wa maombi, kisha mwandikie barua fupi. Itakuwa ya Kiingereza, lakini maudhui yake yawe hivi:

"Naishi katika mji huu. Napinga kuundwa kwa wilaya ya bustani na naomba kuteuliwa kwenye kamati ya kuandika hoja ya kupinga. Sababu yangu kuu ni kwamba kodi hii haina muda wa kuisha. Niko tayari kufanya kazi na wenzangu wawili na kuwasilisha hoja kwa wakati."

Weka jina, anwani, simu na tarehe. Bakiza nakala.

Ukiteuliwa, ofisi ya uchaguzi itawapa idadi ya maneno na siku ya mwisho. Siku hiyo haisogezwi. Anzeni na dola, si na hasira: chukueni nyumba ya kawaida ya mtaani kwenu, pigeni hesabu, andikeni jumla ya mwaka. Sentensi ya pili itaje nani atakaa kwenye bodi. Mkianza kuchangisha pesa za kampeni, hata za kuchapa vipeperushi, ulizeni kwanza tume ya jimbo inayosimamia fedha za siasa kuhusu usajili.

Kuhusu kura yenyewe, nawasihi: kama hujawa raia, usijiandikishe, hata mtu akikuletea fomu mlangoni. Kosa hilo linaweza kukufukuzisha nchini. Raia aliyejiandikisha atapokea karatasi ya kura kwa posta wiki mbili na ushee kabla ya uchaguzi. Wilaya inahitaji zaidi ya nusu tu ya kura ili ipite, kwa hiyo kila bahasha ina uzito. Tia saini nje ya bahasha kama ulivyosaini ulipojiandikisha. Mama aliyezoea kuandika jina zima siku hizi akachora mstari tu, kura yake itawekwa pembeni na ataandikiwa barua. Barua hiyo ijibiwe siku ileile, na bahasha ya kura itumbukizwe kwenye sanduku kabla ya saa mbili usiku wa siku ya uchaguzi.