Mambo ya kuandaa kabla kompyuta au kicheza muziki hakijakugomea

Hitilafu nyingi za kompyuta ya nyumbani hazifuti faili hata moja. Kinachofuta ni pupa ya anayetengeneza: anafomati kadi kumbe tatizo lilikuwa waya, au anaweka Windows upya kwa sababu skrini imekuwa nyeusi. Ndiyo maana nakala ya faili zako inatakiwa iwepo mapema, wakati kompyuta bado nzima. Ziweke kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Ikibaki imechomekwa, kirusi kitakachoingia kwenye kompyuta kitaifikia nayo. Halafu fungua faili tano au sita kutoka kwenye hiyo nakala, picha, hati na nyimbo, uone kama zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiitegemee.

Kuna jambo moja linalowaliza watu wengi, nalo ni BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski isisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi zenye Windows 10 na 11 husimba diski zenyewe, mwenye mali asijue. Siku ukisasisha BIOS (programu ya msingi inayoanzisha kompyuta) au ukibadilisha ubao mama, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Huna ufunguo, huna faili, na hakuna fundi wa kukusaidia hapo. Uangalie sasa kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi, na usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyo hiyo.

Tengeneza pia flashi ya kuwashia, yaani ya USB ya kuwashia kompyuta ambayo Windows yake imegoma, ya GB 8 au zaidi, kwa kutumia kompyuta iliyo nzima. Kila kilichokuwa kwenye flashi hiyo kitafutika. Jua mapema ni kitufe kipi kinafungua menyu ya kuchagua pa kuwashia. Kwa kompyuta nyingi ni F12, F11, F9 au Esc, lakini kila mtengenezaji ana chake.

Diski ya sahani zinazozunguka (HDD) ikianza kugonga “tak, tak”, zima. Usiendeshe programu ya kukarabati diski, kwa maana hiyo huilazimisha diski mgonjwa isome na kuandika kwa saa nyingi, na huenda ikafia hapo. Kilicho muhimu kinakiliwe kwanza, ukarabati baadaye.

Kama utafungua kifuniko, chomoa umeme na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini. Piga picha kila hatua, na panga skrubu kwa mpangilio uliozitolea: skrubu ndefu ikikazwa kwenye tundu fupi hutoboa ubao. Kwa kompyuta ya mezani, weka akiba betri moja ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa ya kompyuta. Ile ya ndani ikichoka, saa hurudi nyuma kila umeme unapokatwa, na tarehe ikishakosea vivinjari hukataa kufungua tovuti salama. Wengi hulaumu intaneti.

Kwa upande wa kicheza muziki, kitu cha kwanza cha kuwa nacho ni waya wa USB ambao una hakika unapitisha data. Baadhi ya waya zina nyuzi mbili tu za umeme na hazina zile mbili za data, kwa hiyo kifaa kinachaji vizuri lakini kompyuta haikioni. Uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawio cha USB.

Kifaa kilichokaa miezi bila chaji huonekana kimekufa. Kiache kwenye chaja dakika 30 kabla ya kubonyeza chochote, kisha hakikisha swichi ya kufunga vitufe haijawashwa. Kikikwama, tafuta kwenye kitabu chake namna ya kukiwasha upya kwa lazima. Kwa kawaida hiyo haifuti nyimbo, ila kukirudisha kwenye hali ya kiwandani hufuta. Lakini ukiona mgongo wake umeinuka, betri imevimba: usiichaji, usiitoboe, usiibonyeze irudi. Kiweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ukipeleke panapopokelewa taka za elektroniki.

Kadi za kumbukumbu zina mambo yake. FAT32, mfumo mmoja wa kupanga faili kwenye kadi, haikubali faili moja kufika GB 4, na kadi za zaidi ya GB 32 huja na mfumo mwingine, exFAT, ambayo vicheza muziki vya zamani havisomi. Nakili nyimbo kwenye kompyuta kwanza, kisha fomati kadi ndani ya kicheza muziki chenyewe. Kadi mpya ijaribiwe kwa programu kama H2testw kabla ya kuiamini: kadi ya bandia hutangaza ukubwa isiokuwa nao, na ikijaa, nyimbo mpya zinaweza kuandikwa juu ya zile za zamani bila onyo lolote.

Sauti ikitoka sikio moja, jaribu kwanza vipokea sauti vingine. Tatizo likibaki, mulika tundu kwa tochi. Nyuzi za nguo kutoka mfukoni hujikusanya chini na kuzuia plagi isifike mwisho. Zitoe kwa kijiti cha mbao, kifaa kikiwa kimezimwa, usitumie pini.