Umeshusha gari? Kaza bushi likiwa limesimama chini

Wenzangu wa Mbeya mnaoshusha magari yakae chini zaidi, msikimbilie alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo springi mpya zinapofungwa. Springi hulala kidogo kwanza. Nenda Uyole urudi, siku kadhaa, vuka matuta, ndipo upime.

Kubwa zaidi ni bushi, yaani raba zenye chuma katikati, za mikono ya chini inayoshika magurudumu. Fundi akizikaza gari likiwa juu ya jeki, likishuka raba inabaki imenyongwa muda wote na kuchanika mapema. Zangu nilizitoa zimepasuka duara zima kuzunguka chuma cha katikati, na hazikuwa za zamani. Mwambie fundi alegeze bolti, ashushe gari, alitikise likae kwa uzito wake, kisha akaze.

Kwenye mashine ya alaimenti, kuinama kwa tairi kurekebishwe kwanza, tairodi (fito zinazoamua tairi litazame wapi) mwisho, kwa sababu ukigusa kuinama, kutazama kwake nako kunahama. Na tairi likiinama kidogo tu haliishi haraka. Linalolimaliza hasa ni kutazama nje au ndani kupita kiasi. Pitisha kiganja ukingo wa ndani, kule usikokuona ukisimama: ukikwaruza kama msumeno, rudi ukapime mapema, hasa kama unateremka Tukuyu mara kwa mara na kona zile na mvua.