Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuifungua Kompyuta Uliyoiunganisha Mwenyewe Inapokosa Utulivu

Kompyuta iliyokufa kabisa ni rahisi kuitafutia ubovu kuliko ile inayofanya kazi vizuri asubuhi, ikajizima mchana, kisha usiku ikawaka kana kwamba haijawahi kuwa na tatizo. Hii ya pili ndiyo inayowasumbua wengi walionunua vipuri kimoja kimoja na kuviunganisha nyumbani, kwa sababu mtu akibadilisha vitu vitatu kwa mkupuo na mashine ikatulia siku mbili, hatajua ni kipi kilichoiponya, wala kama imepona kweli. Matayarisho ninayoyaeleza hapa yafanyike kabla ya kushika bisibisi.

La kwanza ni kuyaokoa mafaili. RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka inachokifanyia kazi) ikiwa mbovu huweza kuharibu data kimyakimya kabla haijafika kwenye diski, bila onyo lolote. Kwa hiyo nakili kazi zako kwenye diski ya nje, uzifungue baadhi kwenye kompyuta nyingine kuona kama zinasomeka, na ikiwa una nakala ya zamani, usiifute kwa kuandika juu yake nakala mpya iliyotoka kwenye mashine unayoitilia shaka.

Kisha tenga daftari. Andika tarehe, saa, ulichokuwa ukifanya, na hasa namna mashine ilivyozimika, maana kuzimika ghafla kama umeme uliokatika si sawa na skrini ya bluu, wala si sawa na picha kuganda huku sauti ikikwaruza. Inayozimika wakati wa mchezo mzito tu hutufanya tushuku joto, pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) au kadi ya michoro kwanza. Kwenye Windows, programu ya Event Viewer hutunza kumbukumbu za matukio, na humo wengi hukutana na ujumbe wa Kernel-Power 41 wakakimbilia kununua pawa saplai mpya. Ujumbe huo husema tu kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu, hautaji kilichoizima.

Suala la RAM ndilo ninaloliona likipuuzwa zaidi. Kipande cha RAM cha aina ya DDR4 kilichoandikwa kasi ya 3200 mara nyingi huwaka kwanza kwa kasi ya chini, kama 2133 au 2400, na hufikia 3200 pale tu unapowasha XMP (mpangilio wa kasi uliowekwa na mtengenezaji wa RAM) kwenye BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha mashine. Kasi hiyo hupimwa na mtengenezaji kwa vipande vilivyouzwa pamoja katika pakiti moja, hivyo ukinunua kimoja leo na kingine baada ya miezi kadhaa, hata kama vina jina lilelile, hakuna aliyekuhakikishia kwamba vitapatana. Piga picha za kurasa zote za BIOS kwa simu, kisha rudisha mipangilio ya awali na uitumie mashine hivyo kwa muda. Ikitulia, umepata pa kuanzia. Andaa pia flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM, uitengeneze kwenye kompyuta nyingine isiyo na tatizo. Hata kosa moja katika kipimo hicho halivumiliki.

Mwenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 13 au 14 ya kompyuta za mezani ana jambo la ziada. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikipokea volteji kubwa kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani yanayoiongoza prosesa), likiwemo 0x129 la mwezi Agosti, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huja kupitia BIOS na hayaiponyi prosesa iliyokwisha kudhurika, kwa hiyo tafuta risiti yako mapema. Usisasishe BIOS kamwe bila UPS (betri ya akiba ya umeme) mahali ambapo umeme hukatika ovyo, kwani ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao mama unaweza usiwake tena.

Umeme wenyewe nao ukaguliwe. Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani badala ya eksitensheni inayobeba pia friji na pasi. Ndani ya mashine, laini ya volti 12 inapaswa kubaki kati ya 11.4 na 12.6, ila namba zinazoonyeshwa na programu zisichukuliwe kuwa hukumu. Pawa saplai usiifungue, kwa kuwa kapasita zake (vipuri vinavyohifadhi umeme) hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Vifaa ni vichache: bisibisi ya nyota, tochi, brashi laini ya vumbi, krimu ya kupitishia joto, na ikiwezekana RAM au pawa saplai ya kuazima ambayo una hakika nayo. Kigumu kupatikana ni muda. Mashine inayozimika mara moja kwa siku haiwezi kusemekana imepona kwa kutulia jioni moja; kila badiliko moja lipe siku nne au tano za matumizi ya kawaida, uliandike daftarini, ndipo uende kwenye linalofuata.